Karatasi ya Vidoti

Kila alfajiri baada ya sala, baba yangu Mroudjae alikaa karibu na dirisha la nyumba yetu, mtaa wa Badjanani, akitarizi kofia. Alitarizi mistari miwili tu, akaiweka kando, kisha akaenda posta kupanga barua hadi jioni. Ilikuwa mwaka 1983. Mamluki wa Kizungu waliomlinda rais walikuwa na bunduki, na mji wetu mzima wa Moroni uliongea kwa sauti ya chini, hata wauza samaki.

Kofia ilikuwa ya baba mdogo Toihir, aliyekuwa anakwenda kuoa Mutsamudu, mji wa kisiwa jirani. Meli ingeondoka Alhamisi, na upande mzima wa kofia ulikuwa haujaguswa.

"Baba, si uitarizi posta wakati wa chakula?" nilimwuliza.

"Saa za posta ni za posta, Bahiat. Alfajiri ndiyo yangu."

Mimi nikajiona mjanja. Jumatatu, bila kumwambia, nilitia mkobani mwake kofia, sindano, uzi na karatasi ya nakshi. Karatasi hiyo ilikuwa na miraba, vidoti na namba za kuonyesha kila kitobo cha kofia kinapokaa.

Adhuhuri baba alirudi katikati ya askari wawili: Mzungu aliyevaa nguo nyeusi, na kijana wa kwetu aliyemtafsiria. Walikuwa wamepekua mikoba mlangoni pa posta, na sasa walitaka kupekua nyumba. Mama aliacha kupepeta mchele.

"Hii ni ramani ya kambi," kijana alitafsiri, akiinua ile karatasi. "Namba hizi umepewa na nani?"

"Wallahi, ni nakshi ya kofia. Ila sijui imeingiaje mkobani."

Jibu hilo ndilo lililomponza. Mzungu alicheka kidogo, akamshika mkono. Nje gari lilikuwa linanguruma. Jirani yetu aliwahi kupandishwa gari kama lile, na hatukumwona tena.

"Ni mimi!" nilipiga kelele. "Mimi ndiye niliyeitia. Baba hajui!"

Kijana akaitandaza kofia juu ya karatasi, akahesabu vitobo: saba, vitatu, saba. Mzungu hakuridhika.

"Atarizi hapa," akaamuru.

Baba akatarizi, jasho likimdondoka, mpaka vitobo saba vikatokea palipoandikwa saba. Mzungu akaitupa karatasi sakafuni, wakaondoka. Hakuna aliyeomba radhi.

Nililia sana. Baba akaniketisha kando yake.

"Umesema kweli, na kweli yako imeniokoa," alisema. "Lakini nilikwishakwambia. Nimeigawa siku yangu makusudi: mchana nawatumikia watu wanaosubiri barua, alfajiri naitumikia sindano. Ukitaka kunisaidia, niambie usoni. Siku hizi hata jambo jema likifichwa linaweza kumpeleka mtu gerezani."

"Na Alhamisi je? Kofia haitakwisha!"

Mama ndiye aliyenijibu.

"Toihir ataazima kofia, mwanangu. Wewe baba ungemwazima kwa nani?"