Kumgeuza Mama

Redempta alifanya usafi katika jengo la ofisi, Bur Dubai. Alilala mtaa wa Karama, chumba kimoja na wanawake wenzake watano. Ijumaa, siku yao ya mapumziko, wenzake waliporudi kulala baada ya ibada, yeye alipanda basi kwenda Satwa. Huko, juu ya maduka ya washonaji, kulikuwa na chuo kidogo cha vyumba viwili. Katika chumba kimoja walifundisha upishi. Katika kingine, alikosoma Redempta, walifundisha kuhudumia wagonjwa na wazee majumbani.

Siku hizo moyo wake haukutulia. Mama yake alikuwa Kamachumu, mkoani Kagera. Alikuwa amepooza upande mmoja, hatoki kitandani. Mdogo wake Redempta, Edna, alimtunza peke yake. Kila Redempta alipotuma ujumbe wa sauti kuuliza hali, Edna alijibu kwa kifupi:

"Yupo tu, dada."

Ijumaa moja Mwalimu Auleria alilaza mwanasesere mkubwa kitandani. Mwalimu huyu alikuwa Mkenya, muuguzi wa miaka mingi.

"Mgonjwa akilala namna moja muda mrefu, uzito wake unabana damu," alisema. "Ngozi ikikosa damu inakufa. Kwanza inabadilika rangi, au inakuwa ya moto, au ngumu. Ukichelewa, ni kidonda. Tazameni hapa, hapa na hapa."

Akagusa chini ya mgongo, nyonga na visigino.

Redempta hakusikia tena somo. Alitoka hadi kwenye ngazi, akarekodi: "Edna, mtazame mama mgongoni. Nitumie picha."

Jibu lilikuja jioni. Kidonda kilikuwa kipana kama kiganja, cheusi katikati. Chini ya picha kulikuwa na sauti ya Edna, akilia.

"Niliogopa kukwambia, dada. Watu wanasema ni mkono wa mtu. Nampaka majivu. Nimeviringa kanga kama kata ya kubebea ndoo, nikamwekea chini ili kisiguse godoro. Harufu haiishi."

"Umemwacha mama anaoza akiwa hai!" Redempta alifoka, akatuma.



Redempta akampigia mwalimu, akamweleza yote.

"Nani anamsaidia mdogo wako kumgeuza mama?" Auleria aliuliza.

"Hakuna, madam."

"Basi umegombeza mtu aliyechoka. Kidonda hicho si uchawi. Kesho mama apelekwe hospitali, kwa sababu kinanuka na kimeingia ndani. Majivu aache. Kata ya kanga aitoe, inazidi kubana damu."

"Akirudi nyumbani je?"

"Ageuzwe kila baada ya saa mbili, hata usiku. Ubavu huu, kisha ule. Asilalie kidonda. Asiburutwe, ngozi inachubuka. Anyanyuliwe kwa shuka, watu wawili. Awekewe mto chini ya miguu, visigino visiguse godoro. Akijikojolea, asafishwe papo hapo. Na ale vizuri: mayai, maharage, dagaa."

Redempta alimwomba Edna radhi, akamweleza yote aliyosema mwalimu. Halafu akampigia kaka yao, Josephat, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya shamba la migomba.

"Hiyo ni kazi ya wanawake," Josephat alisema.

"Kaka, nimekutumia picha. Ifungue, halafu uniambie ni kazi ya nani."

Josephat aliifungua picha.

"Nitakuja usiku," alisema.

Asubuhi yake alimbeba mama hadi kwenye gari, wakaenda hospitali. Waliporudi nyumbani, Edna alimhudumia mchana, na Josephat akaja kulala pale ili wasaidiane usiku. Siku nyingine walikorofishana kwa uchovu. Siku nyingine mama alilia wakimshika. Lakini harufu ilipungua, kisha ikaisha. Kidonda kilijaa nyama taratibu, mwezi baada ya mwezi, hadi kikafunga.

Mama hakutembea tena. Mvua za masika zilipoanza, kiharusi kilimpiga mara ya pili, akafariki. Redempta aliomba ruhusa kazini.

"Mkataba bado haujaisha, hakuna kwenda. Khalas, basi," msimamizi wake alisema.

Mama akazikwa Redempta akiwa anapiga deki.

Jioni alikaa kwenye ngazi za jengo lao, Karama, akasikiliza ujumbe wa Edna.

"Dada, tulimwosha mimi na shangazi. Mgongo ulikuwa mzima, kovu tu. Siku zake za mwisho hakulia tena tukimgeuza."

Redempta aliinamisha kichwa akalia. Ukaingia ujumbe mwingine.

"Mzee wa nyumba ya pili naye ameanguka, hainuki. Mkewe ameniita kesho nimwonyeshe kumgeuza. Wewe uliyesoma, nieleze tena tangu mwanzo, nisije nikamuumiza."

Redempta alijifuta macho kwa upindo wa kanga. Akabonyeza kurekodi.

"Sawa, mdogo wangu. Kabla hujamgusa, mwambie mgonjwa unachotaka kufanya. Hata kama hawezi kujibu, mwambie."