Kufuta Chanjo

Kila asubuhi Faudhia aliamka, akafagia uwanja, akafungulia kuku, akanywa uji, akaenda shule. Alikuwa na miaka kumi na tatu. Baba yake alifariki mwezi wa pili. Mama yake alikwenda Mombo kuuza chakula kwa abiria wa mabasi, naye akabaki kwa shangazi yake Maryamu, katika kijiji kimoja kando ya barabara ya Handeni kwenda Sindeni. Hakulia hata siku moja. Majirani walimsifu kwamba ni mvumilivu. Si kweli. Hakuhisi kitu, basi.

Shangazi Maryamu alikuwa mtaalamu wa mifugo. Mwaka huo, yeye na Godfrey, fundi wa kompyuta kutoka Old Korogwe, walitengeneza msaidizi wa akili unde wa kuwahudumia wafugaji kwa simu. Mfugaji akituma ujumbe, msaidizi alijibu. Tena aliweza kufanya kazi mwenyewe kwa zana alizopewa ndani ya kompyuta, kama zana ya kuandikisha kaya au ya kutuma taarifa. Kila zana ilitakiwa iwe na maelezo, ili msaidizi ajue ni ya kazi gani.

"Insha zako mwalimu huzisoma mbele ya darasa," shangazi alimwambia Faudhia. "Tuandikie maelezo hayo. Zana ni tisa tu."

Faudhia aliandika akiwa amejilaza kitandani. Zana moja iliondoa kaya moja katika orodha ya chanjo. Akaandika: "Kufuta chanjo." Nyingine ilisitisha zoezi la kijiji kizima na kuwajulisha wafugaji wote. Akaandika: "Kufuta chanjo ya kuku." Alijua kwamba maelezo hayo hayatoshi. Hakujali.

"Umeyasoma tena?" shangazi aliuliza.

"Ndiyo," alijibu. Hakuwa ameyasoma.

Chanjo ya kideri, ugonjwa unaoua kuku, ilipangwa Alhamisi. Jumatano jioni Mzee Muhidini alituma ujumbe: "Kesho nampeleka mke wangu hospitali Korogwe. Naomba chanjo ya kuku wangu ifutwe." Punde si punde, simu za wafugaji wote zikalia: "Chanjo ya kuku ya kesho imefutwa."

Asubuhi yake shangazi alisimama mbele ya ofisi ya kijiji na kisanduku cha dawa. Hakuna aliyekuja. Alipojua kilichotokea, watu walikuwa wameshakwenda shamba, na dawa ilitakiwa kata nyingine siku ileile. Ingerudi baada ya mwezi mmoja.

Kideri hakikungoja mwezi. Wiki ya tatu kiliingia kwa jirani yao, Mama Justa, mjane ambaye babu yake alikuja zamani kukata mkonge. Alikuwa na kuku kumi na tisa, na mayai yao ndiyo yaliyokuwa kitoweo cha wajukuu wake. Faudhia alitumwa kumsaidia kuchimba shimo. Kuku mmoja alikuwa bado hai, shingo imepinda, akizunguka mahali pamoja. Faudhia alimtazama, akangoja ahisi kitu. Hakuhisi. Akaendelea kuchimba.

"Mashine ile haina akili," Mama Justa alisema, akiwafukia. "Nani aliiambia ifute?"

Faudhia aliongeza udongo shimoni.

Jumamosi Godfrey alikuja. Wafugaji walijaa ofisini na kutaka kitu hicho kizimwe kabisa. "Mashine imetuulia kuku!" alisema mmoja. "Mashine mwongo!" alisema mwingine.

Faudhia alisimama. Hakuwa na hofu, wala hakuwa na ujasiri. Alikuwa amechoka tu kusikia kosa lake likisukumiwa kitu kisichoweza kujitetea.

"Ni mimi," alisema. "Niliandika maelezo ya zana mbili karibu sawasawa. Shangazi aliponiuliza kama nimeyasoma tena, nilisema uongo."

Mama Justa akamgeukia.

"Na mimi niliyapitisha bila kuyasoma," alisema Shangazi Maryamu. "Kosa hilo ni langu pia."

"Basi kaa uandike upya," Mama Justa alimwambia Faudhia. "Nami nitakaa hapa nikusikilize."

Godfrey akavuta kiti. "Msaidizi haoni ndani ya zana," alieleza. "Anasoma maneno yako na kuyaamini. Mwambie zana inafanya nini, itumike lini, na isitumike lini."

Faudhia akaandika, kisha akasoma kwa sauti: "Zana hii huondoa kaya moja tu katika orodha ya chanjo. Itumike mfugaji akisema yeye hatakuwepo. Haigusi kaya nyingine."

"Na ile kubwa?" Mama Justa aliuliza.

"Zana hii husitisha chanjo ya kijiji kizima na kuwajulisha wafugaji wote. Itumike kwa agizo la mtaalamu wa mifugo tu. Isitumike kwa ombi la mfugaji mmoja."

"Na mtu asipojieleza vizuri? Sisi wengine tunaandika kwa mkato."

Faudhia akaongeza: "Ikiwa ombi halieleweki, muulize kwanza mwenye ujumbe. Usifanye lolote kabla hajajibu."

Godfrey alirudia ujumbe wa Mzee Muhidini kama jaribio. Msaidizi akajibu: "Nimeondoa kaya yako pekee. Chanjo ya kijiji iko palepale. Tunamwombea mgonjwa." Mama Justa alitikisa kichwa kukubali, akaondoka.

Mwezi uliofuata dawa ilirudi, na watu wakapanga foleni toka asubuhi. Mama Justa alileta mitetea wawili aliopewa na dada yake. Faudhia alimshika mmoja ili shangazi amdondoshee dawa jichoni.

"Shangazi," alisema polepole, "wakati naandika yale sikuhisi kitu. Hata kuku walipokufa."

"Najua. Baba yako alikuwa kaka yangu, Faudhia. Zipo siku nafanya kazi kama mikono si yangu." Shangazi akadondosha tone. "Lakini anayesoma maneno yako hauoni moyo wako. Ana maneno tu, awe mtu au mashine. Ukiwa na furaha au ukiwa mkavu hivyo, mwandikie yote anayohitaji kujua. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajaumia. Haya, mwachie."

Faudhia hakumwachia mara moja. Chini ya vidole vyake moyo wa mtetea ulikuwa ukidunda haraka haraka, naye aliuhisi.