Kicheko cha Bi. Mwanamvua

Hakuna mtu aliyewahi kukidanganya kipimauchungu. Ndivyo nilivyomwambia Dada Tatu siku alipomleta baba yake wodi ya saratani, hapa juu ya mnara wa Morogoro, ambako mimi ni fundi wa vifaa hivyo. Chenyewe kinaning'inia juu ya kitanda kama popo mstaarabu. Kinasikiliza pumzi, sauti na mapigo ya moyo, na sauti kikishaisikia hakiisahau. Dawa kali zikianza kumtesa mgonjwa kuliko kumfaa, hutamka: "Wakati wa tiba shufaa umefika." Hapo mgonjwa hurudishwa kwao, akapozwa maumivu, akamaliza siku zake kati ya watu wake.

"Baba naye ana utani," Dada Tatu akasema. "Leo kimemwuliza hali, akakijibu yuko tayari kuoa."

Nikaacha kutabasamu. Nikamsimulia habari za Bi. Mwanamvua wa Kinole na mjukuu wake, mcheshi kupita kiasi.

Bibi alitaka jambo moja tu: kufia kwake milimani, karibu na migomba yake. Mjukuu hakutaka kulisikia. Kwake huo ulikuwa uchuro. Aliiogopa siku ambayo kifaa kingetamka. Basi kila asubuhi, kabla hakijauliza, alimwinamia bibi.

"Mke wangu, umelala au umenitoroka?"

"Nikutoroke kwa miguu ipi? Na wewe mume gani, hata ugali unasongewa na roboti."

Wakacheka wote wawili. Wahandisi hawakuwa wamekifundisha kifaa kwamba kwetu bibi na mjukuu hutaniana hata mmoja akiwa mlangoni mwa kaburi. Kilisikia kicheko, kikatoa jibu: mgonjwa ana nafuu, dawa ziendelee. Zikaendelea. Bibi akatapika, akakonda, na kesho yake akacheka tena.

Asubuhi moja mjukuu alitania, bibi hakucheka. Alimshika mkono.

"Nilikuwa nacheka kwa ajili yako, mume wangu. Nimechoka. Nipeleke nyumbani."

Kipimauchungu kilitamka siku hiyohiyo. Lakini saratani ilikuwa imekwisha kula mifupa. Kumnyanyua tu kulimvunja ubavu. Wakampoza maumivu hapahapa wodini. Alikufa ameelekezwa dirishani, kwenye milima ya Uluguru, na Kinole yote imefunikwa na wingu.

Dada Tatu alifuta macho kwa ncha ya khanga. Akamtazama baba yake, aliyekuwa amelala.

"Akiamka nitamwambia aache mzaha, aseme anachotaka," alisema. Kisha akauliza, "Na huyo mjukuu?"

"Sijui alikoishia. Watu wa namna ile hawana haya."

Juu ya kitanda taa ya kifaa ikawaka.

"Sauti iliyosimulia," kikasema kwa upole, "ni ya mjukuu."