Wimbo Bila Betri

Betri zote za redio zilikuwa dirishani zikiota jua, na redio ilikuwa inaimba.

Nduta aliacha kumenya waru, kiazi kimoja kikabaki mkononi. Jumapili alasiri, mtaa wa Jericho, Nairobi, mwaka ule wa Kombe la Dunia la Marekani. Gitaa lililia, mwanamume akamlalamikia mwanamke aliyemkataa. Ulikuwa wimbo wa country, muziki wa wachunga ng'ombe wa Marekani, kama zile nyimbo anazopenda mumewe, Naftaly, ila huu ulimtaja Nduta kwa jina.

Juma lililotangulia Naftaly alinunua buti za mitumba soko la Gikomba, za ngozi, zimeshonwa nyota ubavuni. Alizivaa akatembea kama tajiri wa ng'ombe, yeye ambaye hata maziwa huchukua kwa jirani. Mitumba yote ya nyumba hiyo Nduta huiloweka kwanza kwenye maji ya chumvi, kuondoa mikosi ya walioivaa kabla. Buti, Naftaly alikataa.

"Utaniharibia ngozi, mama."

Tangu hapo mto wa Nduta ukanuka tumbaku. Hakuna aliyevuta sigara mle ndani.

"Nani huja hapa nikiwa kazini?" Naftaly aliuliza.

"Na wewe, unamwimbia nani bafuni?"

"Mimi siimbi, Nduta. Nasikia dume linakuimbia ndani ya nyumba yangu. Nikilisikia tena, narudi kwetu Murang'a bila wewe."

Kwa hiyo leo, Naftaly akiwa nje na wenzake kwenye mchezo wa drafti, Nduta alimwita Habibo, yule jirani wa maziwa. Habibo akaja na chetezo cha ubani. Alizifukiza buti mara moja tu, akarudi nyuma mpaka ukutani.

"Zina mwenyewe," alinong'ona. "Jini lililokataliwa. Mumeo halina haja naye. Linakutaka wewe."

"Nimeshaliambia sitaki. Nimelifukuza mpaka koo limekauka."

"Wallahi, usiliambie tena! Kukataliwa ndicho chakula chake. Nyamaza, litachoka."

Kunyamaza hakukuwa kipaji cha Nduta. Habibo alipotoka tu, redio ikaanza upya, na kila "toka!" aliyowahi kulitupia ilikuwa sasa kiitikio, kwa sauti yake mwenyewe. Nje alisikia Naftaly akiwaaga wenzake. Basi kama kukataliwa ni chakula, lilale njaa!

"Haya, nakupenda," alisema. "Umeridhika?"

Redio ikanyamaza.

Mlango ulikuwa wazi, Naftaly amesimama kizingitini na kandambili zake, na Nduta alipomtazama usoni akajua kwamba amesikia, akafungua kinywa ili aeleze habari ya Habibo na ubani na chakula cha jini, lakini harufu ya tumbaku ilikuwa imeshafika begani mwake, na buti zilizokuwa chini ya kitanda zilikuwa zikija zenyewe, kisigino baada ya kisigino, bila haraka, kama za mwenye nyumba, na gitaa likalia tena, na mwanamume akaanza kumlalamikia mwanamke aliyemkataa, naye sasa aliimba kwa sauti ya Naftaly, huku Naftaly mwenyewe, ambaye sasa ndiye aliyekataliwa, amefumba mdomo, anarudi nyuma.