Mahali Saba pa Marashi

Winfrida alipoamka kutoka usingizi wa mchana, alikuta vidole gumba vya miguu yake vimefungwa pamoja kwa uzi mweupe wa pamba. Akaukata kwa wembe, akajiambia ni utani wa wifi yake, Atupele, aliyekuwa akiishi nao hapo Tukuyu tangu ndoa yake ivunjike. Atupele alikuwa sokoni anauza ndizi tangu asubuhi, na mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo la ndani. Winfrida aliyajua yote mawili, lakini siku hiyo hakutaka kuyajua.

Alikuwa na sababu ya kutotaka.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Maduka yaliyozoea kuuza chumvi na viberiti sasa yalijaa vitambaa, vioo na marashi ya Dubai. Mumewe, Ackson, aliendesha lori la mizigo kutoka mpakani Kasumulu, na nguo zake zilirudi na harufu ambayo si ya dizeli. Jumamosi moja, mbele ya wageni waliokuja kula, alisema, "Mke wangu huyu ananuka maziwa mgando." Wageni walicheka. Winfrida naye akacheka, halafu akaenda jikoni kunusa viganja vyake.

Angeweza kumuuliza jirani yake Mwanahalima, muuza marashi, namna ya kujipaka. Hakuuliza. Mwanamke mzima, karani wa ushirika, aulize anukie vipi? Badala yake akangoja, na akajifunza mahali pasipofaa.

Mama yake Mwanahalima, Bi Rukia, alifariki mwezi wa tatu. Winfrida alikwenda kusaidia kama majirani wote na akawa anapeleka maji ya moto kwenye pazia la waoshaji. Pazia lilikuwa na mwanya. Aliona kichupa kidogo cha mafuta ya udi kikizunguka mikononi mwa wanawake, na kidole kikigusa paji la uso na pua ya marehemu, viganja, magoti, kisha nyayo. Akasema moyoni, kumbe ndivyo wanavyofanya hawa wanaonukia. Alidhani bibi anarembwa kama alivyozoea kujiremba. Waoshaji walipotoka, kichupa kilibaki dirishani. Akakifunga kwenye pindo la kitenge chake.

Alimwibia maiti. Tuliseme hivyo hivyo, maana yeye mwenyewe hakulisema.

Ijumaa iliyofuata alifukiza gauni lake kwa udi juu ya makaa, akajipaka mafuta yale pale pote alipoona yakipakwa, kisha akajipulizia marashi ya dukani juu ya nguo. Ackson alirudi, akasimama mlangoni. "Leo unanukia," alisema, na usiku ule alilala amemgeukia. Winfrida alifurahi mpaka akaona haya kwa furaha yake.

Baada ya uzi yalikuja maji. Kila mchana, akijinyoosha kitandani baada ya kazi, alisikia kopo likichota kwenye ndoo na maji yakimiminwa polepole, mara tatu, kisha kimya, kisha mara tatu tena, na chumbani hamkuwa na ndoo. Kisha ikaja harufu ya karafuu maiti. Na siku ya tisa, mvua ikipiga bati, mwili wake ukiwa mzito asiweze kuinua hata ukope, alihisi mikono baridi ikimgeuza ubavu wa kulia, mikono ya adabu, isiyo na haraka, ikamfuta mgongo, ikamgeuza ubavu wa kushoto, ikamfuta, ikamkunja mikono kifuani, ikamtia pamba puani, tundu la kulia kisha la kushoto, akawa anavuta hewa kwa mdomo, na mdomo nao ukaanza kufungwa kwa kitambaa kilichopita chini ya kidevu na kukazwa utosini, kikikazwa taratibu kama mtu anayeogopa kumuumiza. Atupele aliporudi kutoka sokoni na kuugonga mlango kwa nguvu ndipo kitambaa kilipolegea.

"Wifi, mbona umeloa?" Atupele alinong'ona.

Winfrida alibadili nguo. Alikwenda kwa Mwanahalima jioni ile ile.

Mwanahalima alifunga duka, akamkalisha nyuma ya pazia, akamsikiliza habari ya uzi, ya maji na ya mafuta aliyojipaka. "Mama Jotham, nionyeshe ulivyojipaka."

Winfrida akaonyesha: paji la uso, pua, viganja, magoti, nyayo. Mwanahalima alimshika kiganja, akakinusa.

"Aliye hai hupaka nyuma ya masikio," alisema kwa sauti ya chini. "Kooni. Kwenye mshipa wa mkono, pale damu inapogonga, kwa sababu marashi yanataka joto. Ulipopaka wewe ni mahali saba pa kusujudia, panapogusa chini mtu akisali. Hapo tunampaka maiti. Na mafuta hayo ni ya mama. Yalikuwa ya kumwagwa kaburini, ruhani wake, jini aliyemlinda, ayafuate aende zake. Tuliyatafuta sana. Sasa anakuona wewe ndiye bibi yake, anashangaa kwa nini huzikwi."

"Mtoe, Mama Yussuph."

"Nitamtoa. Lakini huyu hufuata jina. Nitamtajia aliyechukua, na yeye aliyechukua atubu kwa kinywa chake. Nikitaja jina la uongo atakwenda kwa huyo niliyemtaja, na hatamwacha mpaka mwongo akasimame mbele ya aliyesingiziwa akiri. Nani alichukua?"

Hapo Winfrida aliwaza msiba ule, wanawake wote waliomshukuru kwa maji ya moto, karani wa ushirika, mwimbaji wa kwaya. Uso ulimwaka.

"Wifi yangu," alisema. "Aliniletea, akaniambia kanunua."

Mwanahalima alimtazama mpaka Winfrida akainamisha macho. Kisha akafukiza, akasoma, akalitaja jina. Maji hayakusikika tena. Habari ya wizi ilienea mtaani kabla ya Jumapili, na Atupele, ambaye hakuulizwa na mtu, alifunga nguo zake akarudi kwa wazazi wake Matwebe. Alipoondoka alisema tu, "Wifi, mimi sikukukosea."

Wiki tatu baadaye ulikuja ujumbe kwamba Atupele haamki.

Winfrida alikwenda. Njia nzima aliyapanga maneno, na nina hakika alikusudia kuyasema. Lakini mlangoni alikuwa ameketi mzee Nsajigwa, baba yake Atupele na baba mkwe wa Winfrida, na kwa Wanyakyusa mkaza mwana hasimami mbele ya baba mkwe wala hasemi naye. Wanawake walimpeleka nyuma ya nyumba, kwenye migomba, akajifunika kitenge kichwani. Wakamsifu kwa heshima yake. Kutoka alipokaa mpaka kwa mgonjwa zilikuwa hatua kumi, na mila ikampa mahali pazuri pa kujificha. Kupitia ukutani alisikia maji yakimiminwa, na ndani hakuna aliyekuwa akiosha kitu.

Mzee alipaza sauti, akizungumza na wanawake ili Winfrida asikie.

"Mwambieni mke wa mwanangu, binti yangu ameiba, ametutia aibu sote. Sina cha kumlipa. Ninamwomba amsamehe kabla hajakata roho."

Wanawake wakamgeukia, wakingoja. Winfrida alifungua kinywa. Maneno yote aliyoyapanga njiani yalikuwapo.

"Mwambieni baba," alisema, "nimesamehe."

Mzee hakungoja afikishiwe jibu. Alilia, akavunja mwiko aliouishi maisha yake yote, akamwita mwenyewe kupitia ukuta: "Ndaga fijo, mwanangu. Asante sana."