Roboti Iliyovuka Kizingiti

Jioni ile Nesi Mbio alifika nyumbani amebeba viatu mkononi. Miguu yake ilikuwa imevimba. Mumewe, fundi viatu, aliweka sindano chini, akaleta beseni la maji ya uvuguvugu bila kuombwa.

"Leo umekwenda maabara mara ngapi, mama watoto?"

"Niliacha kuhesabu ilipofika ishirini."

Ndiyo maana hospitalini walimwita Nesi Mbio. Damu ya mgonjwa ikichukuliwa ili ipimwe, yeye ndiye aliyeipeleka maabara, ng'ambo ya uwanja wa hospitali. Akirudi, anatumwa dawa.

"Miguu si kitu," alisema. "Bibi wa kitanda cha tisa, yule aliyevunjika mguu, aliniita akitaka maji. Nilikuwa maabara. Kurudi, namkuta amejaribu kunyanyuka peke yake. Nusura aanguke! Unajua alivyoniambia? 'Usijali, mjukuu wangu, najua una mbio.' Afadhali angenigombeza."

Fundi viatu alimkanda miguu taratibu.

"Kesho tunachagua roboti ya kubeba vitu," nesi aliendelea. "Hospitali ina uwezo wa kununua moja tu. Tukikosea, bibi yule ataendelea kuita na mimi nitaendelea kukimbia."

"Mimi simuuzii mtu kiatu akiwa amekaa," alisema mumewe. "Namwambia simama, tembea mpaka kule kwenye mawe, kisha urudi uniambie."

"Roboti haina miguu, baba watoto."

"Lakini ina njia ya kupita."

Kesho yake ukumbi wa mikutano ulijaa watu. Sakafu yake ilikuwa ya vigae, laini kama sahani. Roboti zilikuwa mbili. Moja ilikuwa nyeupe, ndefu, yenye macho ya buluu. Ilimsalimia kila mtu, kisha ikaimba. Daktari mkuu alipiga makofi kama mtoto. Ya pili ilikuwa fupi, ya kijivu, kama kabati la sufuria lililotiwa magurudumu makubwa. Haikusema neno. Ililia "pii" tu.

"Kizuri chajiuza," alisema muuzaji wa ile nyeupe.

"Na kibaya chajitembeza," alijibu fundi wa mashine wa hospitali, ambaye wote walimwita Bisibisi. "Sisi tunatafuta cha kujitembeza!"

Watu walicheka. Lakini daktari mkuu alikuwa ameshashika kalamu, tayari kutia saini ya kununua ile nyeupe. Nesi Mbio alimkumbuka bibi. Akasimama.

"Samahani, daktari. Tuzijaribu wodini kwanza."

"Si mmeiona ikitembea?" aliuliza muuzaji.

"Tumeiona hapa. Wagonjwa hawalazwi hapa."

Bisibisi alifurahi mno. Njiani alimweleza daktari mkuu: "Mashine ya hospitali huchaguliwa kwa kazi inayotuchosha. Sisi hatujachoshwa na kukosa nyimbo, daktari. Tumechoshwa na kubeba damu na dawa."

Mlangoni mwa wodi palikuwa na kizingiti cha saruji, kimo cha vidole viwili. Wafanyakazi walikivuka kila siku, hata hawakukiona tena. Roboti nyeupe ilifika, ikasimama.

"Tafadhali nipishe," ilikiambia kizingiti.

Kizingiti hakikusogea.

"Tafadhali nipishe."

Bibi wa kitanda cha tisa aliinua kichwa. "Mwambieni mgeni huyo, kizingiti hicho nilikikuta nilipokuja kujifungua mtoto wangu wa kwanza. Hakimpishi mtu!"

Wodi nzima iliangua kicheko. Hata muuzaji alicheka.

Ikaja ile ya kijivu, imebeba chupa za maji badala ya damu. Ilipanda kizingiti polepole, ikashuka. Hakuna chupa iliyoanguka. Nesi Mbio aliruka mbele yake ghafla. Pii! Ikasimama.

"Ikiharibika je?" aliuliza Bisibisi. "Na mtandao ukikatika?"

Muuzaji wa ile ya kijivu, mama mmoja mpole, alimpa bisibisi. "Ifungue mwenyewe, kaka. Vipuri vyake vinauzwa hapa hapa mjini. Na njia imeikariri, haihitaji mtandao."

Bisibisi aliifungua, akatoa betri, akairudisha. Ile nyeupe ikiharibika ilipaswa kusafirishwa nje ya nchi.

"Inaoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu?" aliuliza nesi.

"Kila siku. Na msinunue leo. Kaeni nayo wiki mbili, ndipo mtie saini."

Daktari mkuu alirudisha kalamu mfukoni. "Leo nimefundishwa," alisema, akitabasamu.

Wagonjwa waliipa roboti ile jina la Kabati. Siku ya kumi, Kabati ilipita mlangoni na damu, ikielekea maabara. Pii!

"Nesi..." aliita bibi wa kitanda cha tisa.

"Nipo, bibi. Maji haya hapa."

"He! Sijamaliza hata kuita!"

Nesi Mbio alikaa kitandani, akamshikia kikombe mpaka maji yakaisha. Hakuwa na haraka.

Wiki mbili zilipotimia, daktari mkuu alitia saini. Jioni hiyo nesi alirudi nyumbani viatu vikiwa miguuni. Mumewe alivigeuza, akazitazama soli.

"Hazijalika hata kidogo! Mama watoto, hiyo Kabati yenu itaniharibia biashara."

Kisha, kwa mazoea tu, akaenda kuleta beseni.