Mkono Kwenye Ukungu

Maji yaliisha kambini jioni, kabla hata chai haijachemka. Kosa lilikuwa la Kipara mwenyewe, aliyemaliza dumu zima kuosha gari, utadhani huko mlimani kuna watu wa kuringishia. Basi akawasha gari ashuke kijitoni, na shemeji yake akarukia kiti cha mbele.

"Huyo mtoto wa mama yangu unirudishie mzima," mkewe alimwambia akiwa mlangoni mwa hema.

"Mzima, na maji juu," Kipara akacheka.

Kushuka hakukuwa na tabu. Wakajaza madumu, wakageuza gari. Ndipo ukungu ukaanguka, mzito, hata boneti ikapotea machoni.

Njia ya kupandia ilikuwa nyembamba. Kulia, upande wa dereva, ukuta wa mwamba. Kushoto, upande wa abiria, korongo. Kama kawaida yao, shemeji akashuka, akatangulia mbele ya taa akitembea kinyumenyume, akimwelekeza Kipara kwa mikono. Kiganja kikiita, njoo. Ngumi, simama. Kwenye njia za namna hiyo aliyeshika usukani haangalii kingine, anaangalia mikono tu. Na mkono ukipotea, ni breki papo hapo, mpaka mwelekezaji aje mwenyewe dirishani.

Mkono ukapotea.

Kipara akakanyaga breki. Akasubiri. Kokoto zilikuwa zinateleza chini ya tairi, na gari likirudi nyuma kidogo kidogo. Kisha mkono ukatokea tena kwenye mwanga wa taa. Mkono tu, bila uso. Kiganja kikiita, taratibu...

Alipaswa kumsubiri dirishani. Hakusubiri. Aliogopa kuserereka, na kuuona mkono ule kulimpa nafuu kubwa. Akaachia breki.

Njoo... njoo... kushoto kidogo...

Harufu ikaingia ndani ya gari. Harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi.

Kushoto tena.

Paa! Kitu kikagonga ubavu wa gari. Mlango wa abiria ukafunguka, na shemeji akajitupa kitini, amelowa chapachapa.

"Simama," alinong'ona. "Unamfuata nani?"

Kipara akavuta breki ya mkono. Mbele yao kiganja kilikuwa bado kinaita. Kikaita mara moja zaidi, kikazama kwenye ukungu. Tairi la mbele la kushoto lilikuwa linaning'inia hewani.

"Niliteleza," shemeji akasema. "Kuinuka, nakuta umeshanipita."

Kipara hakuwa na muda wa maswali. Akarudi nyuma, akalibana gari kwenye mwamba, akapanda kwa kupapasa huku kioo cha pembeni kikikwaruzwa mpaka kikang'oka. Alishukuru Mungu kwa sauti. Shemeji akageuzia uso dirishani.

Kambini mkewe aliwakimbilia akamkumbatia mdogo wake. "Mbona wa baridi hivi? Njoo uote moto."

Kipara alikuwa anateremsha dumu la kwanza aliposikia sauti. Ilitoka mbali, chini, korongoni.

"Shemejiii..."

Dumu likamponyoka. Katika mlima ule mzima kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumwita hivyo, na huyo amekaa pale motoni na dada yake. Kipara akageuka kulitazama gari. Akautazama mlango wa abiria, mlango wa kushoto. Taratibu, akili ikamrudia. Pale waliposimama, chini ya mlango ule hapakuwa na ardhi ya mtu kukanyaga.

"Shemeji... mguu wangu... usiniache..."

Mkewe naye alisikia. Tabasamu likamkauka. "Nani huyo?" aliuliza. "Mbona ana sauti ya mdogo wangu?"

"Mke wangu," Kipara akasema polepole, "hebu njoo huku."

Mkewe alijaribu kuinuka. Yule aliyekaa naye akamzungushia mkono begani, akamkalisha, kwa upole kabisa. Mwanga wa moto ulimpiga usoni. Ni yeye. Kovu la kidevuni, pengo la jino, kila kitu.

"Wahi, shemeji, ataumia zaidi," alimwambia Kipara. "Mimi nitabaki na dada."

Kule chini sauti ikaita tena, sasa imepungua. Kipara alisimama katikati ya gari na moto, funguo mkononi, miguu ikikataa pande zote mbili.